Adui wa Mabano

Dagnachew Tessema hakuwa mtu wa chuki. Majirani zake wa mtaa wa Sarbet, Addis Ababa, walimjua kwa upole, na hata paka waliomwibia nyama jikoni aliwafukuza kwa maneno tu. Lakini mabano aliyachukia. Alipoyaona kwenye maandishi ya wenzake, yamekumbatia hesabu fupi kama ndugu wawili waliokutana msibani, alikunja uso, akayafuta, halafu akashusha pumzi kama mtu aliyechomolewa mwiba.

Chuki hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Kampuni ya Tikikil, pale ghorofani juu ya duka la mikate, iliuza chombo cha kompyuta alichokitunga yeye mwenyewe, nacho kiliitwa Mesmer. Kazi yake si ngumu kueleza. Ofisi zenye kumbukumbu nyingi kwenye kompyuta huzihoji kumbukumbu hizo kwa maswali yaliyoandikwa kwa lugha ya mashine, na wanaoyaandika huyaandika hovyohovyo, mstari mmoja mrefu kama mkia wa nyani, mwingine umekatika katikati. Mesmer ililisoma swali, ikalielewa, kisha ikaliandika upya: mistari imenyooka, maneno yamepangwa, na mabano yasiyo na kazi yametupwa nje. Wateja walipenda. Ato Zelleke, yaani Bwana Zelleke, mwenye kampuni, alichapisha kwenye kadi zake maneno haya: "Tunachoandika kinapendeza."

Miongoni mwa wateja ilikuwemo ofisi ya maji ya Amba Selam, mji mdogo wa milimani alikozaliwa Dagnachew. Yeye ndiye aliyewashauri waweke sharti kwamba swali lolote, kabla ya kuhifadhiwa, lipite kwanza kwenye Mesmer, na lile la asili litupwe lisije likawachanganya watu. Wakafanya hivyo, na wakamshukuru kwa barua yenye mihuri.

Dada yake mkubwa, Asnakech, alikuwa bado anaishi Amba Selam. Alikuwa mjane, tena mpikaji wa tella asiye na mpinzani katika mtaa wa Shola, na tella, kama pombe zote za shayiri, haipikwi kwa maombi, inataka maji. Asubuhi moja akampigia mdogo wake simu ofisini.

"Dagne," akasema, "hiyo mashine mliyowaletea watu wa maji huwa inakunywa?"

Dagnachew akacheka, akauliza kuna nini.

"Mabomba yamekauka, na tangi la kilimani linafurika. Maji yanashuka barabarani kama mto, punda wanayavuka. Tunakwenda na madumu kuyachota kwenye mtaro. Nikiuliza ofisini naambiwa mashine imesema tangi liko karibu kukauka, ndiyo maana wamefunga mabomba na kuongeza pampu. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: maji yanayonilowesha miguu yametoka wapi?"

Akamjibu kwamba pengine bomba kubwa limepasuka mahali, akamwahidi atauliza, akarudi kwenye kahawa yake ya maziwa. Hata hivyo lile neno la mashine kunywa halikumtoka. Mchana akamwomba mwenzake wa meza ya pili, Wubit, amtafutie swali ambalo ofisi ya Amba Selam hulitumia kujua kiasi cha maji tangini.

Wubit ndiye aliyejaribu kila chombo cha Tikikil kabla hakijatoka, na kazi hiyo ilimfanya asipendwe sana na watungaji. Hakukawia. Akamwita Dagnachew aje atazame, akamwonyesha maswali mawili: lile la asili, ambalo fundi mmoja wa Amba Selam alikuwa amejiwekea kando licha ya sharti, na lile lililotoka kwenye Mesmer.

"Gashe, wao waliandika hivi," akasema. Gashe ndivyo alivyomwita, kama kijana anavyomwita mwanamume aliyemzidi umri. "Maji ya alfajiri, toa matumizi, lakini kwenye matumizi kwanza toa yale yaliyorudi. Kwa namba ndogo tuseme tisa toa, ndani ya mabano, tano toa mbili. Ngapi?"

"Sita."

"Mesmer imeyaondoa mabano. Tisa toa tano toa mbili."

Dagnachew alijibu kwa sauti ya chini kidogo kwamba ni mbili.

"Basi tangi lina sita, sisi tunawaambia lina mbili."

Hapo mtu mwingine angeinua mikono. Dagnachew alianza kueleza. Alieleza kwamba mabano yana kazi pale kuzidisha kunapokutana na kujumlisha, maana mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Lakini kutoa na kutoa ni ndugu wa tumbo moja, hawana haja ya ukuta kati yao. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, ikapigiwa makofi ukumbini. Wubit akamuuliza kama kanuni hiyo imewahi kufanyiwa hesabu. Akasema mtu anayeandika kutoa ndani ya kutoa anajitafutia shida mwenyewe. Wubit akamuuliza swali jingine: je, Mesmer, ikishaandika, huwa inasoma ilichokiandika? Dagnachew akamwambia kwamba mpishi hodari haonji kila kijiko, akainuka kwenda kumweleza Ato Zelleke kabla Wubit mwenyewe hajafika huko.

Ato Zelleke hakuwa mtu wa kukurupuka. Kosa likitokea alilipatia kamati. Kamati ya Mabano ilikutana siku iyo hiyo, kahawa ikachomwa mbele yao, ubani ukafuka, na mazungumzo yakaenda kwa utaratibu wa kahawa yenyewe. Kikombe cha kwanza walikubaliana kwamba hakuna tatizo. Kikombe cha pili walikubaliana kwamba tatizo lipo ila ni la mteja. Wakili wa kampuni aliufungua mkataba, akaonyesha kwamba Tikikil iliahidi maswali yatapendeza, na hakuna kifungu kilichosema yatabaki na maana ileile. Bwana wa mauzo akauliza kama mabano hayawezi kurudi kwa rangi hafifu, yawepo bila kuonekana. Wubit alisema neno moja tu, kwamba kuna watu hawana maji, akaambiwa kwamba hoja yake ni ya huruma na kamati hii ni ya kiufundi.

Kikombe cha tatu, kile cha baraka, walitoa uamuzi: ofisi ya Amba Selam ipelekewe mwalimu wa kuwafundisha kuandika hesabu zisizohitaji mabano. Dagnachew akateuliwa kuwa mwalimu huyo.

Hakukataa, kwa kuwa safari ile alikuwa nayo tayari. Wiki hiyo ilikuwa ya karamu ya kumkumbuka baba yao, ambayo dada yake aliitayarisha kwa miezi, na ndugu wa pande zote walikuwa wamealikwa. Akachukua gari la ofisi, akafika Amba Selam kabla ya adhuhuri, na pale penye kona ya kuingilia mjini magurudumu yakazama majini hadi nusu. Tangi kubwa la saruji lilikuwa kilimani, jeupe, na kutoka kwenye ukingo wake maji yalitiririka kwa utulivu, yakashuka kwenye mawe, yakavuka barabara, yakaingia kwenye shamba la ngano la mtu. Kandokando wanawake walikuwa wamejipanga na madumu ya njano. Kinyozi mmoja alikuwa ameleta kiti chake hapohapo, maana mteja akinyolewa huko kichwa kinaoshwa bure.

Dagnachew akaenda moja kwa moja ofisi ya maji. Meneja, Ato Shibeshi, alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha, akaagiza chai. Ofisi yake ilikuwa na dirisha pana lililotazama kilima. Yeye alikuwa amelipa mgongo, ametazama kompyuta.

"Hali ni mbaya, bwana," Ato Shibeshi akasema. "Tangi linakauka. Tumeongeza pampu mbili na bado linashuka."

"Ato Shibeshi, tangi limejaa. Linamwagika."

"Nimeletewa habari hizo."

"Basi geuka utazame."

Ato Shibeshi hakugeuka. Alinywa chai, akamweleza mgeni wake kwa uvumilivu kwamba zamani ofisi hii iliendeshwa kwa kutazama. Mzee mmoja alipanda kilimani na fimbo, akaichovya tangini, akashuka na kusema anavyoona. Makao makuu wakakataza, wakaleta mfumo. Sasa yeye, akipeleka taarifa kwamba ameona kwa macho, ataandika kwenye safu gani? Yale maji ya barabarani alikuwa ameyaandikia taarifa, kwamba ni maji yasiyojulikana yalikotoka, na uchunguzi unaendelea.

"Na chombo hiki," akamalizia, "ni wewe uliyetuletea. Ulitwambia tukiamini. Ninakiamini."

Dagnachew alikuwa amekuja na somo lake la mabano, lakini halikumtoka mdomoni. Alitoka nje, akasimama barabarani viatu vimelowa, na kwa mara ya kwanza akafanya ile hesabu ya tisa, tano na mbili bila kumbishia mtu. Sita ilibaki sita.

Nyumbani kwa dada yake aliwakuta wanawake wa mtaa wakipepeta, wakikoroga, na mapipa ya tella yakiwa nusu. Asnakech alimbusu mashavu, akambusu tena, halafu akampa madumu mawili.

"Mtaro uko pale chini," akasema. "Ukirudi tutasalimiana vizuri."

Alichota maji alasiri nzima, yeye mkuu wa watungaji wa Tikikil, akipishana na punda. Kila mwanamke aliyemjua tangu utotoni alimsalimu na kumuuliza kazi yake huko Addis Ababa ni nini hasa. Aliposema anasafisha maswali, mmoja akamwambia Mungu amtie nguvu, kila kazi ni kazi.

Jioni, mabega yanauma, akakaa kibarazani na kompyuta yake, akairekebisha Mesmer. Haikuwa kazi kubwa. Aliiambia: kulia kwa alama ya kutoa, ukikuta hesabu nyingine ya kujumlisha au kutoa, yaache mabano. Akaipa namba zake tatu, ikazitoa salama. Alipaswa kuishia hapo.

Lakini mabano yaliyorudi yalimkera. Aliyatazama akaona kazi yake ya miaka imepigwa doa, na moyoni akasema kama yameingia huku basi yatatoka kule. Akatafuta mahali pa kulipiza, akayakuta mabano yanayozunguka namba moja peke yake, ya kutoka chini ya sifuri, kama toa hasi tatu. Mabano mazima kwa namba moja; ni kama kumjengea kuku mmoja boma. Akaamuru yaondolewe. Alipomweleza Wubit kwa simu, naye akamwomba asubiri ajaribu kwanza, alimjibu kwamba kuna watu hawana maji, hapana nafasi ya kuchelewa. Aliona fahari kidogo kulitumia neno lile lililokataliwa na kamati. Akaituma Mesmer mpya Amba Selam, akamwagiza yule fundi ayapitishe upya humo maswali yake ya asili, akala mkate wake wa injera na kulala.

Asubuhi mabomba yalifunguka. Mtaa mzima ulisikia yakikohoa, kisha yakatema maji, na Asnakech alimshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili akambariki mbele za watu. Ato Shibeshi aliona kwenye kompyuta kwamba tangi limejaa, akazima pampu za ziada, akaandika taarifa kwamba hatua za haraka za uongozi zimezaa matunda. Dagnachew akaoga, akavaa shati jeupe, akaketi na wajomba zake kama mtu mwenye kwao.

Ofisi ile ilikuwa na swali la pili, la kuwatumia wateja ujumbe kwenye simu. Kipimo cha tangi dogo la mtaa wa Shola kilikuwa kibovu, kilisoma pungufu kwa tatu, kwa hiyo fundi aliandika: chukua kiwango, toa hasi tatu, kikiwa chini ya kumi, na mteja akiwa wa Shola, mpelekee habari kwamba maji yatakatika. Ilipopitia Mesmer mpya, mabano ya hasi tatu yakaondoka, na alama mbili za kutoa zikakaa bega kwa bega. Sasa katika lugha ile, vistari viwili vikifuatana vina maana yao wenyewe. Vinaiambia mashine: yanayofuata hadi mwisho wa mstari ni maneno ya binadamu kwa binadamu, wewe usiyasome. Mashine ni mtiifu. Haikusoma tatu, haikusoma chini ya kumi, haikusoma Shola. Ikabakiwa na nusu ya swali: mpelekee habari kila mteja ambaye tangi lake lina kiwango cha maji. Na siku hiyo hapakuwa na tangi lisilo na kiwango.

Kabla ya saa nne asubuhi simu zote za Amba Selam zililia pamoja. Hata ya padri ililia, katikati ya sala ya kumkumbuka mzee Tessema, baba yake Dagnachew. Ujumbe ulisema maji yatakatika leo, muda haujulikani, hifadhini mapema.

Watu waliokuwa wametoka kukaa bila maji hawaambiwi mara mbili. Kanisa lilipungua taratibu, kwanza nyuma, kisha katikati, mpaka padri akabaki na wafiwa na mashemasi, na mashemasi nao wanatazama mlango. Mji mzima ukafungua mabomba. Walijaza madumu, ndoo, sufuria, vyungu, mabeseni ya kuogeshea watoto. Hoteli ya stendi ilijaza tangi lake na kisha vyumba viwili vya kuogea mpaka milangoni. Kinyozi alijaza hata sinia la shaba. Na kwa kuwa Ato Shibeshi alikuwa amezima pampu, tangi la kilimani lilishuka, likashuka, na alasiri mabomba yalitoa hewa, yakanyamaza. Tangi lilikuwa tupu kwelikweli.

Wageni walifika kwenye karamu mikono imechafuka, hapana tone la kunawia. Dagnachew aliitoa kompyuta yake mbele ya wajomba, akaona vile vistari viwili vimesimama pamoja, akaifunga kompyuta. Ato Shibeshi alikuja kutoa pole, maana alimjua marehemu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetendewa haki baada ya kusingiziwa muda mrefu.

"Niliwaambia tangi linakauka, mkanibishia," akasema, akipokea bilauri ya tella. "Leo nimegeuka nikatazama, kama ulivyonishauri. Ni tupu. Mfumo ulijua, sisi ndio tulichelewa kuelewa."

Padri akaamua kwamba katika shida wanadamu wameruhusiwa kunawa kwa kilichopo, na wageni wakanawa kwa tella. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, alisema Tessema angeipenda siku hii kuliko zote. Asnakech hakucheka. Alingoja mpaka wageni wengi wameondoka, akakaa karibu na mdogo wake akamuuliza, bila ukali, amefanya nini.

Akamweleza. Alimweleza kwa shayiri na vijiko, kwanza yale ya tisa na tano, kisha vile vistari viwili. Asnakech alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mwenye swali aliyaweka mwenyewe hayo mabano."

"Ndiyo."

"Na wewe hukumjua, hukumuuliza, ukayatoa."

"Ndiyo, Etiye," akasema, kwa neno la heshima la kumwita dada mkubwa.

"Kwa nini?"

Dagnachew alitafuta jibu la kitaalamu, akakosa. "Yalikuwa hayapendezi," akasema.

Dada yake alitikisa kichwa, akamwekea injera nyingine na mchuzi wa dengu.

Aliporudi Addis Ababa hakwenda kwa Ato Zelleke. Alikwenda kwenye meza ya Wubit, akavuta kiti, akamwomba radhi kwa maneno machache, halafu akamwambia lile swali lake lilikuwa sahihi: Mesmer haijawahi kusoma inachokiandika. Wakakaa wawili siku kadhaa, wakibishana na kufuta. Walichokitengeneza kilikuwa hivi: Mesmer ikishaandika swali, inalisoma tena kama mgeni asiyejua lolote, kisha inalinganisha maana ya mwanzo na maana ya mwisho. Zikitofautiana hata kwa unywele, inarudisha mabano palepale yalipokuwa. Na alama mbili za kutoa hazikai tena karibu bila kitu katikati. Wubit alitunga hesabu mbaya kuliko zote alizoweza kuziwaza, za hasi ndani ya hasi, za kugawanya ndani ya kugawanya, na Dagnachew alizipitisha moja moja. Zilipotoka salama, mabano yametapakaa kwenye kioo kama vifaranga, alihisi mkono wake ukienda wenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Akaukalia.

Ato Zelleke alifurahi kupita walivyotazamia. Aliitisha kahawa, akatangaza kwamba Tikikil imevumbua kitu kipya sokoni: chombo kinachopanga swali bila kulibadilisha maana. Kitauzwa kwa bei ya juu, kiitwe Mesmer ya Dhahabu, na wateja wa kawaida wabaki na ile ya kawaida. Kamati ya Mabano ikapandishwa cheo ikawa idara, na wakili akaanza kuandika kifungu cha kuahidi maana kwa wanaolipia.

Dagnachew alisikiliza, akapiga makofi pamoja na wengine. Kisha akarudi mezani, akatazamana na Wubit, na alasiri ileile wakaituma Mesmer mpya kwa wateja wote, wa dhahabu na wa bati, Amba Selam ikiwa ya kwanza. Ato Zelleke hajagundua mpaka leo. Akionyeshwa swali lililotoka kwenye Mesmer ya kawaida na lililotoka kwenye ile ya Dhahabu, huyatazama yote mawili kwa makini, akanyoosha kidole kwenye lile la bei ya juu, na kusema kwamba mwenye macho ataiona tofauti.